Kupanga matunzo ya mzee mwenye ugonjwa wa usahaulifu

Mpango wa matunzo ni makubaliano ya familia yaliyoandikwa, yanayoeleza mzee anahitaji nini, nani atalifanya kila jambo na lini, na nani atampokea mtunzaji anapochoka. Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba makubaliano hayo hayaandikwi wala hayazungumzwi. Kazi humwangukia binti ambaye hajaolewa au mkaza mwana anayeishi hapo hapo, na ndugu wengine, wakiwemo walioko Dar es Salaam au Maskati, huona kwamba jambo limekwisha. Mpango unaomsahau mtunzaji hauchukui muda kuvunjika, na anayeumia kwanza ni mgonjwa.

Kabla ya kupanga, thibitisheni ugonjwa. Usahaulifu unaomfanya mtu apotee njia ya kwake au ashindwe kuvaa nguo si uzee wa kawaida. Chanzo kinachoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer, na kingine kikubwa ni kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, ambako huchangiwa na presha, kisukari na kiharusi. Hata hivyo, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo inayofanya kazi kidogo, sonona na baadhi ya dawa huweza kuleta dalili zinazofanana, na hizo zina tiba. Mzee aliyekuwa na akili zake juzi, kisha ghafla akaanza kuweweseka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda ana maambukizi ya mkojo au amekaukiwa na maji. Mwenye kutaka kumsomea mzee asizuiwe, maana kisomo humtuliza, ila kisomo kisicheleweshe vipimo. Wala isiwe aibu kupewa rufaa ya kwenda Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili ya Unguja. Huko wapo wanaoyajua maradhi haya.

Kikao cha kwanza kifanyike mapema, naye mzee akiwepo na akiweza kusema. Chagueni saa anayokuwa mchangamfu, ambayo kwa wengi ni asubuhi, na watu wasiwe wengi. Muulizeni angependa kukaa na nani, nani amwogeshe akishindwa mwenyewe, ni chakula gani hakipendi, na akizidiwa atakaa nyumbani au atapelekwa hospitali. Suala la kuogeshwa lisipuuzwe, kwa sababu bibi aliyejisitiri maisha yake yote hataacha kuona haya kwa kuwa amesahau majina ya wajukuu. Andikeni majibu yake kwa maneno yake mwenyewe.

Mambo ya fedha yafuate bila kuchelewa. Hati ya kawaida ya uwakala inaweza kukosa nguvu pindi aliyeitoa anapopotewa na akili, kwa hiyo mwoneni wakili wakati mzee bado anaelewa anachokitia saini. Kuhusu wasia, sheria ya Kiislamu inaruhusu usizidi theluthi ya mali, wala haumwongezei mrithi fungu lake bila ya ridhaa ya warithi wenziwe. Ikiwa mzee amefikia miaka 70 na anapokea pensheni jamii, ambayo Zanzibar iliianzisha mwaka 2016, muulizeni sheha, yaani kiongozi wa serikali katika mtaa wenu, utaratibu wa mtu mwingine kumpokelea, kisha daftari la matumizi liwe wazi kwa ndugu wote. Ugomvi mwingi wa familia huanzia hapo.

Kiini cha mpango ni ratiba ya watu. Msiandike kwamba “watoto watasaidiana”, kwani sentensi hiyo haimfungi mtu yeyote. Andikeni kwamba kila Jumanne na Jumamosi, kuanzia alasiri hadi isha, kaka mkubwa atakaa na mama ili dada atoke, aende shughulini, alale au asifanye lolote. Walio mbali wachangie kwa kiasi na tarehe zinazojulikana, wagharimie dawa, nepi na mshahara wa msaidizi, na wampigie simu mtunzaji ili kumsikiliza, si kumkagua. Mtunzaji asiyepata usingizi, anayelia ovyo au anayeanza kumkaripia mgonjwa amekwisha kuelemewa. Zamu ibadilishwe wiki hiyo hiyo.

Nyumba nayo iangaliwe. Kisima kifunikwe, mafuta ya taa na dawa ziwekwe mahali pa kufungwa, mikeka inayoteleza iondolewe, na taa ya njia ya chooni iachwe ikiwaka usiku. Kwa mzee anayetoka na kupotea, majirani, wenye maduka na watu wa barazani waelezwe, maana katika vichochoro vya Mji Mkongwe macho yao yana faida kuliko komeo. Kumfungia ndani peke yake ni hatari, hasa ukitokea moto.

Ramadhani inahitaji ukurasa wake. Aliyepotewa na akili hawajibiki kufunga, lakini nyumba nzima ikifunga ni rahisi chakula chake cha mchana kisahauliwe; atajwe mtu wa kumpikia na kumpa maji. Dawa za kisukari na presha zisibadilishwe saa bila ya kumwuliza daktari. Akisisitiza kwamba amefunga ilhali amekula, hapana haja ya kumsahihisha.

Mpango usomwe upya kila baada ya miezi 3, na vile vile mzee akianguka, akilazwa hospitali au mtunzaji akiugua. Anapoanza kupaliwa na chakula, alishwe akiwa ameketi wima, kwa vijiko vidogo na bila haraka, na familia imwulize daktari mapema kuhusu hatua za mwisho, ili yale aliyoyasema mzee katika kikao cha kwanza yaweze kufuatwa.