ESC ya gari la rimoti ikichemka: anza na gia, feni baadaye

Gari likikata mwendo ghafla, likapumzika dakika chache kisha likaondoka tena bila shida, mara nyingi ni ESC, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa betri unaokwenda kwenye mota, iliyojizima kwa joto. Nyingi hujikata joto la ndani likifika nyuzijoto 100 hadi 110. Hakikisha kwanza si betri: pima LiPo, yaani betri ya lithiamu-polima, ikiwa imetulia, na kama kila seli bado ina volti 3.7 au zaidi, chaji haijaisha.

Wengi hapo hukimbilia feni kubwa. Feni huondoa joto ambalo tayari limeshazalishwa, na kazi yenye faida zaidi ni kulipunguza lisizalishwe. Ndani ya ESC kuna mosifeti, swichi zinazowasha na kuzima umeme wa mota maelfu ya mara kwa sekunde. Joto linalotokana na ukinzani wake hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo: kwa ukinzani wa miliomu 2, amperi 60 huzalisha wati 7.2, lakini amperi 120 huzalisha wati 28.8. Ndiyo maana kupunguza mkondo kidogo tu huleta nafuu kubwa.

Endesha dakika tano, simamisha, pima hapo hapo kwa kipimajoto cha miale. Alumini inayong'aa humdanganya mpimaji, husomeka baridi kuliko ilivyo. Bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme juu ya hitisinki, lile bamba lenye mapezi, na juu ya mota, kisha elekeza kipimo kwenye utepe. Hitisinki ikizidi nyuzijoto 80, acha kuendesha.

Linganisha sasa. Mota na ESC zote zikiwa moto, mzigo ni mkubwa mno: badilisha gia. Pinioni, gia ndogo iliyo kwenye mhimili wa mota, ikishushwa kutoka meno 17 hadi 15, kasi ya juu hupungua kama asilimia 12, na mkondo wa kuondokea hushuka waziwazi. Unapoirudisha mota, pitisha ukanda wa karatasi nyembamba kati ya pinioni na gia kubwa, zikaze pamoja, kisha vuta karatasi. Nafasi inayobaki inatosha. Kagua pia beringi kwa kuondoa pinioni na kusukuma gari kwa mkono: likigoma, kuna kitu kinachobana. Majani marefu, mchanga na matairi makubwa huongeza mzigo vilevile, kwa hiyo gia inayofaa kwenye lami inaweza kuichemsha ESC uwanjani.

ESC ikiwa moto peke yake na mota ni vuguvugu, shida iko upande wa ESC yenyewe. Gusa plagi na nyaya za betri. Plagi iliyo moto kuliko waya wake ina lehemu mbaya au imelegea, ilehemu upya. Nyaya za betri ziwe fupi. Ukilazimika kurefusha, refusha zile tatu za mota, kwani waya mrefu wa betri huzidisha mawimbi ya volti na kuchosha kapasita, kile kikopo kidogo kinachotuliza volti za ESC. Kapasita iliyovimba kichwani ibadilishwe kabla ya safari nyingine, kwa yenye ukinzani mdogo wa ndani na volti zisizopungua za ile ya awali. Angalia upande hasi kabla ya kulehemu, ukiigeuza hupasuka.

Katika mipangilio, punguza nguvu ya kuondokea na taimingi, yaani jinsi umeme unavyowahishwa kwenye mota. Breki ya kujishika, inayofunga yenyewe ukiachia mwendo, ikiwekwa juu nayo huongeza joto, hasa kwenye magari ya kupanda miamba. Wala usidhani kwenda nusu mwendo kunaipumzisha ESC: yenye mzigo mzito katika nusu mwendo huweza kupata joto kuliko ikiwa imefunguliwa yote, kwa sababu hapo swichi hukatakata umeme muda wote.

Baada ya hayo, feni ina maana. Kwa modeli ya 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, feni ya milimita 30 huenea kwenye ESC nyingi. Soma volti zake: feni ya volti 6 ikiunganishwa moja kwa moja na betri ya 3S, yaani ya seli tatu, yenye volti 12.6 ikijaa, huungua. Ipe umeme kutoka kwenye risiva, kifaa kinachopokea mawimbi ya rimoti. Upande wenye mikono inayoshikilia kitovu ndio unaotoa upepo. Uelekeze kwenye mapezi. Kisha toboa bodi sehemu mbili, mbele pa kuingilia na nyuma pa kutokea. Tundu la mbele peke yake halisaidii, hewa moto hubaki ndani ikizunguka. Ukimaliza kuendesha, usichomoe betri mara moja kama feni bado inazunguka. Iache dakika mbili.

Hitisinki iliyobanduka isafishwe kwa spiriti ya isopropili, ipakwe krimu ya joto nyembamba, ikazwe. Krimu nene huzuia joto. Chuma kisiguse miguu ya mosifeti bila pedi ya kuhami, la sivyo utapata shoti.

Boti hupozwa kwa maji: mrija wa silikoni upite ESC kwanza, mota baadaye. Tazama tundu la kutokea. Maji yasipotoka, rudi ufukweni. Baada ya maji ya bahari, suuza mrija kwa maji baridi ya bomba, chumvi isigande ndani.