Laptopu ya Zamani Inapogoma Kuwaka: Tafuta Kwanza Inakokwama

Kabla ya kushika bisibisi, na kabla hata ya kufikiria kuweka Windows upya, bonyeza kitufe cha kuwashia, kisha tazama na usikilize. Isipowasha taa hata moja, shida iko kwenye umeme. Ikiwasha taa na feni ikazunguka huku skrini ikibaki nyeusi, anza na RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) au skrini. Ikionyesha nembo ya kampuni halafu ikakwama, chunguza diski na mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoamsha mashine kabla ya Windows). Mashine kuukuu hupotezewa pesa kwa sababu watu huruka hatua hii na kukimbilia kununua vipuri.

Haiwaki kabisa

Chomoa chaja, toa betri, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki kwenye saketi uishe. Rudisha chaja peke yake ujaribu. Ikiwaka bila betri, huenda betri ndiyo mbovu. Kama betri iko ndani, fungua kifuniko cha chini na uchomoe waya wake kwanza.

Ikiwa bado kimya, pima chaja kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme). Nyingi hutoa volti 19 au 19.5, kibandiko chake kitakuambia. Kwenye chaja za Dell na HP zenye sindano nyembamba katikati, usipimie sindano hiyo: kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa mashine. Pima kati ya ukuta wa ndani na wa nje wa plagi, na usiiguse sindano kwa ncha ya kipimo. Kusoma volti 19 pia hakutoshi kuthibitisha kwamba chaja ni nzima, kwani iliyochoka huonyesha volti kamili ikiwa haina mzigo, kisha zikaanguka mara laptopu inapoanza kuvuta umeme. Jaribu nyingine inayofaa, yenye volti zilezile na ampea sawa au zaidi.

Feni inazunguka, skrini nyeusi

Mulika skrini kwa tochi, kwa pembe. Ukiona picha hafifu, mashine inafanya kazi na kilichokufa ni taa ya skrini au waya wake. Usipoona kitu, unganisha skrini ya nje. Nayo ikibaki nyeusi, nenda kwenye RAM.

Chomoa umeme wote, betri ikiwemo, kisha sukuma vibanio viwili kando. Kipande kitainuka chenyewe. Sugua meno yake ya dhahabu polepole kwa raba safi ya kufutia penseli, ufute vumbi kwa kitambaa chenye pombe ya aisopropili kidogo, uache ikauke. Rudisha kwa kuinamisha kama nyuzi 30, sukuma mpaka meno yakaribie kupotea, ndipo ushushe hadi vibanio vilie. Kosa la kawaida ni kushusha kabla meno hayajaingia sawasawa. Kama kuna vipande viwili, jaribu kimoja kimoja, katika kila nafasi, maana huenda kipande ni kizima na nafasi ndiyo mbovu. Milio inayosikika wakati wa kuwasha ni ujumbe, lakini maana yake hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo isome kwenye mwongozo wa modeli yako.

Nembo inatokea, kisha inakwama

Hapa betri ndogo ya kidonge huwadanganya wengi. Mara nyingi ni CR2032 ya volti 3, ambayo kwenye laptopu huwa imefungwa kwa plastiki na kutoka na nyaya mbili. Ikichoka, saa hurudi miaka nyuma na mipangilio ya BIOS hujirudia ya kiwandani. Kama Windows iliwekwa chini ya AHCI na BIOS ikarudi kwenye IDE (njia mbili za mashine kuwasiliana na diski), utapata skrini ya bluu yenye 0x0000007B. Kama UEFI na Legacy (mitindo miwili ya kuwasha mashine, mpya na ya zamani) zimebadilishana, utaambiwa hakuna diski ya kuwashia, ilhali diski ni nzima. Badilisha betri, ingia BIOS (kwa kawaida F2, F10, Esc au Del), weka tarehe, rudisha mipangilio. Huikumbuki? Jaribu mmoja baada ya mwingine. Kubadili kati ya hiyo hakufuti mafaili.

Kama BIOS haiioni diski kabisa, ichomoe na kuirudisha. Ikitoa mlio wa kugonga-gonga, usiendelee kuwasha na kuzima. Washa kwa flashi yenye Linux, mfumo unaoweza kuendesha mashine bila Windows (GB 8 zinatosha), na unakili mafaili kwenda diski ya nje, ukianza na yale usiyoweza kuyapata tena. Usikimbilie chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski: inasoma diski nzima, na kwa diski inayokufa huo unaweza kuwa mzigo wa mwisho.

Diski ikiwa na afya, kwenye Windows 10 shikilia kitufe ili uzime mara tu Windows inapoanza kupakia. Rudia mara 2 au 3 mpaka ukurasa wa ukarabati ufunguke. Anza na ukarabati wa kuwasha, kisha uondoe masasisho ya mwisho. Ukitumia chkdsk humo, hakikisha kwanza kwa amri ya dir (huorodhesha mafaili) kwamba unagusa sehemu yenye Windows, kwani herufi C: ya kawaida huweza kugeuka D:.

Diski ikibidi kubadilishwa, SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA huingia palepale. Nyingi zina unene wa milimita 7, na nyingi za zamani zilikuwa milimita 9.5, hivyo weka fremu ya kujazia ili isicheze kwenye kiunganishi.