Jinsi ya kuchagua kwadi ya bei nafuu ukiwa ndiyo kwanza unaanza

Kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne yenye matairi manene ambayo wengine huiita ATV, hudanganya macho. Ukiiona imesimama unasema chombo chenye miguu minne hakiangushi mtu. Huangusha, na mara nyingi humlalia aliyeanguka. Kwa miaka mingi nimefundisha watu kuiendesha na kuifungua injini yake, na wengi wanaonijia na matatizo walikosea hata kabla ya kuiwasha: walinunua kwa kutazama bei na plastiki inayong'aa. Bei nafuu ninayoizungumzia hapa ni ya mwaka mzima wa kuendesha, na siku ya kununua ni sehemu yake moja tu.

Hatua ya 1: Gawa hela kabla hujaenda kuangalia

Hela yote uliyonayo igawe mafungu matano. Manne ni ya chombo. La tano usiliguse mpaka umeshanunua helmeti inayokukaa sawa, miwani ya vumbi, glovu, na buti zinazofunika kifundo cha mguu. Kinachobaki ni cha oili, plagi, kichujio cha hewa na pengine pedi za breki. Anayemaliza hela yote kwenye chombo huendesha bila helmeti "kwa muda tu", na muda huo ndio hasa ambao hajui bado kuendesha. Kama mafungu manne hayatoshi kununua unayoitaka, teremka kwenye chombo, usiteremke kwenye helmeti.

Hatua ya 2: Sema wazi utaendesha wapi

Ziko za aina mbili kubwa. Kwadi za kazi zina kiti kipana, vibebeo vya chuma mbele na nyuma, na gia nzito za kuvuta polepole. Kwadi za michezo ni nyepesi, hazina vibebeo, shokamzoba zake ndefu, na huruka haraka ukigusa mafuta. Kwa anayeanza, na hasa mwenye shamba, msitu au njia za mawe, mimi huelekeza kwenye ya kazi iliyo ndogo. Inakusamehe. Ukibonyeza aksileta kwa woga haichomoki chini yako. Ya michezo nunua kama una uwanja wa mchanga au njia tupu, na hata hapo anza na ndogo.

Tazama uzito pia. Honda Recon, ambayo ni kwadi ya kazi ndogo, ina karibu kilo 200. Kwadi kubwa za kuvuta kwa magurudumu yote manne hupita kilo 300. Jiulize kama unaweza kuisukuma peke yako itoke kwenye tope, kisha angalia upana: ukiisimamia nyuma, magurudumu yaliyotawanyika na kiti kilicho chini ni afadhali kuliko kimo kirefu chenye miguu iliyokaribiana. Australia tangu Oktoba 2021 hairuhusu kuuza kwadi mpya ya kazi isiyofikia kipimo cha chini cha kutopinduka kwa ubavu na isiyo na fremu ya kumkinga dereva ikipinduka. Popote ulipo, waweza kuitumia hekima hiyo kwa macho yako tu.

Kama safari zako nyingi ni za barabara ya lami, acha wazo la kwadi kabisa. Ekseli ya nyuma ya kwadi nyingi za bei nafuu ni chuma kimoja kisicho na difu, hivyo magurudumu mawili ya nyuma huzunguka kwa mwendo mmoja hata kwenye kona. Kwenye udongo gurudumu la ndani huteleza kidogo na kona inakubali. Kwenye lami halitelezi. Kwadi inang'ang'ania kwenda moja kwa moja, halafu ghafla inanyanyua upande mmoja.

Hatua ya 3: Chagua injini na gia

Mtu mzima anayeanza anatoshwa na injini ya ukubwa wa cc 200 hadi 300. Chini ya hapo, mathalani cc 110 au 125, injini hulia muda wote kwa kubeba mwili mkubwa na huchakaa mapema. Kuanzia 400 kwenda juu, kosa dogo la kidole gumba, ambacho ndicho hubonyeza aksileta, linakuwa kosa kubwa la mwili.

Kwa watoto sheria ni nyingine. Marekani, mwaka 1988, watengenezaji wakubwa walikubaliana na serikali kwamba kwadi zinazozidi cc 90 zisiuzwe kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka 16. Siku hizi zipo zilizopangwa kwa umri, zenye kidhibiti cha mwendo, na umri huo umeandikwa kwenye kibandiko cha chombo. Usimnunulie mtoto kubwa "ili akue nayo". Miguu yake haifiki, hana uzito wa kuegemea wa kuituliza kwenye kona, na breki haitamtii.

Katika makubaliano hayohayo zile za magurudumu matatu ziliachwa kuuzwa zikiwa mpya. Za zamani bado zinazunguka sokoni na bei yake inavutia. Ziache.

Kwenye gia una njia tatu. Otomatiki ya belti ni rahisi kujifunza, lakini belti huungua ukiilazimisha kwenye mlima au kwenye maji, na baadhi ya zile za bei ya chini kabisa huachia injini mwendo ukipungua, hivyo ukishuka kilima unabaki na breki peke yake. Ya pili ni gia za mguu zisizo na klachi ya mkono: unapandisha na kushusha, klachi inajifanyia kazi yenyewe. Hii ndiyo ninayoipenda kwa mwanafunzi mwenye hela kidogo, kwa sababu ukiweka gia ya kwanza mteremkoni injini inakushika, na hakuna belti ya kununua. Ya tatu, yenye klachi kamili, isubiri.

Kuhusu kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu, cheni au shafti (mhimili wa chuma unaozunguka): shafti ina matunzo machache, cheni ni nyepesi na rahisi kubadilisha. Ukinunua ya cheni, hesabu cheni na sproketi ndani ya lile fungu la tano.

Hatua ya 4: Mpya isiyo na jina, au yenye jina iliyotumika?

Hapa ndipo watu wengi hugawanyika, nami nina upande wangu. Kwadi mpya ndogo za kiwandani zisizojulikana si takataka kama wengine wanavyosema. Injini zake za cc 110 na 125, zenye silinda iliyolala mbele, zimefuata muundo wa Honda Cub, na muundo huo ni mgumu kufa. Pistoni, ringi na kabureta zake hupatikana kirahisi. Taabu haianzii kwenye injini. Inaanzia kwenye bushi laini, nyaya nyembamba, bolti zisizokazwa, beringi za magurudumu, na mikono ya mbele ya chuma inayoshika magurudumu, ambayo ni ya modeli hiyo tu na mwakani haitengenezwi tena.

Kwa hiyo fanya mtihani huu kabla ya kulipa. Mwambie muuzaji akutajie bei na siku za kupatikana kwa vitu vinne: pedi za breki, kebo ya aksileta, boljointi (kiungo cha duara kwenye mikono ya mbele), na CDI (kisanduku cha umeme kinachoipa plagi cheche). Akikujibu vyote bila kubabaika, chombo hicho kina maisha. Akisema "hiyo haiharibiki", ondoka. Nimeshaona kwadi yenye injini nzima kabisa imekaa chini ya turubai miezi minane kwa kukosa boljointi moja.

Kama mtihani huo unashindikana, chukua iliyotumika yenye jina, hata kama plastiki imepauka. Honda, Yamaha, Suzuki, Kawasaki, na pia Kymco na CFMOTO, spea zake zinafuatilika kwa namba miaka mingi baada ya modeli kuondoka. Kuna jambo la kufurahisha: Kawasaki Brute Force 300 hutengenezwa na Kymco, hivyo mwenye moja anaweza kutafuta spea za injini upande wa pili. Plastiki mpya haipunguzi tatizo hata moja. Wala ya zamani haiongezi.

Hatua ya 5: Ikague kwa mikono, si kwa macho

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye injini kabla hata ya salamu kuisha. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Mimi niliwahi kununua iliyopashwa moto "ili nisisubiri". Jioni ile iliwaka kwa mguso mmoja. Asubuhi iliyofuata niliikokotesha stata mpaka betri ikalala. Nilipofungua kifuniko cha valvu, nafasi ya valvu za kuingiza hewa ilikuwa imekwisha kabisa, viti vyake vimelika. Ikiwa baridi haikuwa na msukumo wa kuiwasha. Matengenezo ya kichwa yakala karibu theluthi ya bei niliyolipa.

Ikiwa ya baridi, chomoa kijiti cha oili na uisugue kati ya vidole viwili. Oili nyeusi si hatari, imechelewa kubadilishwa tu. Oili nyeupe kama maziwa ina maji, maana yake chombo kimezama au gasketi imeachia. Ukisikia mchanga au kuona chembe zinazong'aa, ni chuma kinacholika.

Halafu fungua boksi la kichujio cha hewa. Wauzaji huosha kila kitu isipokuwa humo ndani. Ukikuta tope lililokauka nyuma ya kichujio, upande wa kuelekea kwenye kabureta, injini imevuta vumbi. Ringi na silinda zimeshaumia hata kama inaunguruma vizuri.

Sasa nyanyua mbele kwa jeki au gogo. Shika tairi juu na chini, litikise: likicheza, ni boljointi au beringi. Shika kushoto na kulia, litikise tena: likicheza bila usukani kusogea, ni viungo vya usukani. Rudia nyuma. Kwadi nyingi za bei nzuri zinaficha ugonjwa wao hapa, na viungo vyote vya mbele vikiwa vimekufa, jumla yake inatisha.

Lala chini kabisa uangalie fremu. Tafuta mahali palipochomelewa, rangi mpya iliyopakwa sehemu moja, na kutu karibu na mikono ya magurudumu. Fremu iliyopinda au kupasuka mimi siichukui hata kwa nusu bei.

Mwisho washa. Moshi mweupe unaopotea dakika ya kwanza ni mvuke tu. Wa buluu unaoendelea ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na mara nyingi ni kabureta ya kusafisha. Hilo litumie kupunguza bei.

Hatua ya 6: Iendeshe polepole

Huhitaji kukimbia. Katika mwendo wa mtu anayetembea, kamata breki ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Kila moja isimamishe bila kuvuta upande. Pitia gia zote, na ya kurudi nyuma pia. Pinda kushoto hadi mwisho, kisha kulia, injini ikiwaka. Mngurumo ukipanda wakati unapinda, kebo ya aksileta imepita vibaya na inajivuta. Achia kidole gumba ghafla: aksileta lazima irudi yenyewe, papo hapo. Bonyeza swichi ya kuzima injini chombo kikiwa kinatembea. Isipozima, tengeneza hilo kabla ya jambo jingine lolote.

Namba ya fremu ilingane na ya kwenye karatasi, na isiwe imekwaruzwa. Hilo halina mjadala.

Hatua ya 7: Ikishafika nyumbani

Chukua spana upitie kila nati na bolti, mpya au iliyotumika: mikono ya mbele, vitovu vya magurudumu, usukani, vishikio vya injini. Pini za kufungia nati za vitovu ziwepo na ziwe zimekunjwa. Kama ni mpya, mwaga oili ya kwanza baada ya saa chache za kuendesha, maana imebeba unga wa chuma wa injini inayojizoeza, na ukaze bolti tena.

Pima upepo wa matairi kwa kipimo cha mgandamizo mdogo. Tairi la kwadi hutaka kama psi 3 hadi 7 hivi, kadiri kibandiko kinavyosema. Kipimo cha gari hakioni tofauti ya psi 1, na psi 1 hapa inabadilisha usukani. Matairi ya upande mmoja na wa pili yawe sawa. Nimewahi kuitiwa kwadi "inayovuta kulia", nikaja na kipimo tu, nikaondoka bila kufungua hata bolti moja.

Kisha tafuta skrubu ndogo kwenye kasha la aksileta, karibu na kidole gumba. Kwadi nyingi ndogo zinayo, na hata baadhi ya kubwa. Ukiizungusha ndani, aksileta haifunguki yote. Ifunge kiasi kwamba chombo hakizidi mwendo wa mtu anayekimbia, ukajifunze kwenye uwanja tambarare wenye udongo: kuanza, kusimama, kupinda huku ukiegemea upande wa ndani wa kona. Peke yako, bila abiria, kwa maana kiti kile kirefu kimewekwa ili dereva asogee mbele akipanda na arudi nyuma akishuka. Kila unapoona kona zako zimetulia pande zote mbili, ilegeze skrubu mzunguko mmoja.