Kuchagua na Kurekebisha Kigunduzi cha Metali cha Zamani kwa Udongo wa Magharibi ya Kenya

Mtu anayetafuta kigunduzi cha metali cha mtumba huuliza kwanza kinafika kina gani. Swali hilo ni la haki, lakini halijibiki kabla ya kujua udongo ambamo kitatumika. Mashine ileile inayosikia vizuri shilingi ya enzi ya ukoloni kwenye mchanga mkavu wa ufuo wa Kisumu inaweza kupiga kelele tupu ikifikishwa kwenye udongo mwekundu wa Kakamega, au ikapita kimya juu ya mchanga mweusi wa mito ya Migori hata kama chini yake kuna punje ya dhahabu. Kwa sababu hiyo maelezo haya yanaanzia ardhini, ndipo yafike kwenye koili (duara la waya linalopitishwa juu ya ardhi), nobu na betri.

Udongo mwekundu una oksidi nyingi za chuma. Mchanga mweusi unaobaki chini ya karai baada ya kuosha dhahabu ni magnetaiti kwa sehemu kubwa, nao hunaswa na sumaku. Huko Nakuru, majivu na mawe ya volkano yaliyotoka Menengai hutofautiana shamba hadi shamba, na palipo na magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa udongo uliolowa hupitisha umeme karibu kama ufuo wa bahari. Maji ya Ziwa Viktoria, kwa upande wake, ni matamu, kwa hiyo ufuo wake hausumbui hivyo. Njia rahisi ya kupima ni kufunga sumaku ndani ya mfuko wa nailoni na kuiburuta juu ya udongo mkavu. Ikitoka na ndevu nyingi nyeusi, usinunue mashine isiyo na nobu ya kusawazisha udongo, yaani ya kuifanya mashine isiusikie chuma cha udongo wenyewe, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

Kigunduzi cha analogi hakina kompyuta ndani yake. Koili hutoa uga wa sumaku unaobadilika, uga huo huzalisha mikondo midogo ya umeme ndani ya metali iliyofukiwa, na mikondo hiyo hurudisha uga wake dhaifu ambao mashine huugeuza kuwa sauti. Hakuna skrini inayokwambia umepata nini. Kwa upande mwingine, sauti hubadilika pamoja na ishara yenyewe, na sikio lililozoea hutambua ukubwa wa kitu, kina chake na hata umbo lake. Nadhani ndiyo maana watu wengi wenye mashine mpya hawakutupa zile za zamani.

Mashine za zamani si za aina moja. Nyingi za zile za mwanzo zilizouzwa kwa raia hulinganisha saketi mbili zinazozalisha mawimbi ya umeme na kutoa mlio unaopanda au kushuka. Zina kina kidogo, huyumba joto linapobadilika, na sishauri mtu azinunue isipokuwa kwa kujifunzia. Zikafuata zenye koili mbili, moja ya kutuma na moja ya kupokea, ambazo ziliweza kuchuja taka lakini zikashindwa na udongo wenye chuma. Kundi linalofaa ni la tatu, la masafa ya chini sana (masafa ni idadi ya mara uga wa koili hubadilika kwa sekunde) lenye nobu ya kusawazisha udongo, ambalo lilienea tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Zipo pia mashine za mipigo, zinazotuma umeme kwenye koili kwa mipigo mifupi, ambazo huvumilia magnetaiti kuliko nyingine zote, lakini nyingi husikia kila msumari na hula betri haraka. Kuzunguka Rosterman, mgodi wa Kakamega uliofungwa mwaka 1952 baada ya mbio za dhahabu zilizoanza mwaka 1931, mwenye mashine ya mipigo atafukua mabaki ya mabati na waya siku nzima.

Ndani ya kundi hilo la tatu, jambo linaloamua ni masafa. Masafa ya chini, kwa mfano kati ya kilohezi 5 na 10 (yaani mara elfu 5 hadi elfu 10 kwa sekunde), hufaa sarafu za fedha na shaba zilizo chini kiasi. Punje ndogo za dhahabu huhitaji masafa ya juu, kwa sababu mikondo ndani yake hufifia upesi mno. Fisher Gold Bug 2, ambayo ni ya analogi, hufanya kazi kwa kilohezi 71, na ndiyo sababu husikia punje ambazo mashine ya sarafu haizioni kamwe. Hata hivyo, juu ya kitu kikubwa kilicho chini sana hushindwa na mashine ya masafa ya chini. Kwa anayetaka mambo yote mawili, Tesoro Lobo SuperTraq ya kilohezi 17.8 iko katikati. Ikumbukwe kwamba kampuni ya Tesoro ilifunga mwaka 2018 na White's, mtengenezaji mwingine wa vigunduzi, mwaka 2020, kwa hiyo koili ya akiba ni bora inunuliwe pamoja na mashine, kwa kuwa huenda isipatikane baadaye.

Hapa niingize onyo moja. Fimbo zenye antena zinazodaiwa kuelekeza dhahabu kutoka umbali wa kilomita si vigunduzi vya aina yoyote. Mwaka 2013 mahakama ya Uingereza ilimfunga mtu miaka 10 kwa kuuza vifaa vya namna hiyo kama vigunduzi vya mabomu, na ndani yake hamkuwa na kitu kinachofanya kazi. Muuzaji akikataa jaribio la kuficha sarafu chini ya mojawapo ya vikombe vitano, mshukuru na uondoke.

Unapokagua mashine halisi, anza na sehemu ya betri. Chumvi ya kijani au nyeupe kwenye vibati ni dalili kwamba betri zilivuja, na mara nyingine majimaji yake huwa yametambaa hadi kwenye bodi. Kisha washa mashine, shika koili mbali na metali na uizungushe kila nobu polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mkwaruzo ni uchafu tu, ambao fundi wa redio huuondoa kwa dawa ya kusafishia miguso, lakini nobu inayoruka ghafla au kuwa na sehemu iliyokufa inahitaji kubadilishwa. Pigapiga koili kidogo kwa kidole na utikise waya wake karibu na plagi; mashine ikilia, kuna waya uliokatika ndani au maji yameingia. Mashine ya kwanza niliyonunua ilifaulu majaribio yote hayo ikiwa sebuleni, ikalia kila nilipoigusisha kwenye nyasi. Nilikaa wiki mbili nikilaumu bodi, kumbe mchanga mweusi ulikuwa umejaa kati ya koili na kifuniko chake cha plastiki. Fungua kifuniko hicho kabla ya kulipa, na ukioshe.

Jaribio la hewani, yaani kupitisha sarafu mbele ya koili bila udongo, lifanyike nje ya nyumba, mbali na nyaya za umeme na simu, na usivae saa. Alexander Graham Bell alipojaribu kutafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani mwaka 1881 kwa kifaa cha sumaku-umeme, chemchemi za chuma za kitanda zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyomvuruga. Kitanda cha chuma bado kinavuruga leo, na nondo za sakafu ya zege vilevile.

Betri zipimwe zikiwa zinafanya kazi. Betri iliyochoka husoma vizuri kwenye mita ikiwa imelala, kisha hushuka mashine inapowashwa. Betri 8 za kawaida zikiwa mpya hutoa volti 12, ilhali 8 za kuchaji hutoa takriban 9.6. Mashine nyingi zina kidhibiti cha volti ndani na hazijali tofauti hiyo, lakini nyingine huishiwa nguvu mapema, basi jaribu kabla ya kuzitegemea.

Tukifika shambani, kazi ya kwanza ni kutafuta kipande cha ardhi kisicho na metali. Weka mashine katika hali ya metali zote, bila uchujaji wowote, na uongeze mvumo wa msingi hadi usikike kwa mbali, kama mbu aliye upande wa pili wa chumba. Inua koili hadi usawa wa goti, bonyeza kitufe cha kurudisha mvumo kama mashine inacho, kisha shusha koili hadi sentimita tatu hivi kutoka ardhini. Mvumo ukipanda, nobu ya udongo imepita kiasi na katika mashine nyingi hurudishwa kinyume cha saa. Ukishuka au kupotea, izungushwe kufuata saa. Watengenezaji hawakukubaliana wote juu ya mwelekeo, kwa hiyo mzunguko wa kwanza uwe wa kuuliza tu. Inua tena, bonyeza tena, shusha tena. Nobu nyingi za kusawazisha huzunguka mara 10 kutoka mwanzo hadi mwisho, na anayeanza huchoka akidhani imeharibika, kwa kuwa robo mzunguko haisikiki. Sogeza mzunguko mzima mmoja mmoja hadi sauti igeuke upande, ndipo urudi nyuma kidogo kidogo.

Lengo ni mvumo usiobadilika koili inapopanda na kushuka. Kwa dhahabu ndogo mimi huacha mvumo uongezeke kidogo sana ninaposhusha koili, kwa sababu mashine ikiegemea upande wa pili humeza ishara dhaifu bila kukupa dalili yoyote. Udongo ukibadilika rangi, ukitoka kwenye ukingo mkavu kuingia kwenye mkondo uliokauka, au mvua ikinyesha, sawazisha upya. Andika kwenye daftari nobu ilisimama wapi katika kila eneo, maana utarudi huko.

Usikivu ndio unaowaponza wengi. Anayezungusha nobu hadi mwisho hupata kelele, kelele hiyo humlazimu kupunguza mvumo wa msingi hadi kimya, na hapo ishara ndogo huzama pasipo yeye kujua. Katika udongo wa Kakamega, usikivu wa nusu na mvumo tulivu hupata vitu vingi kuliko usikivu kamili wenye mapigo ya uongo. Mawe yenye chuma nayo hulia kama metali. Inua koili taratibu juu ya mlio: sauti ya jiwe mara nyingi hupotea ghafla, ilhali ya metali hufifia polepole. Koili ndogo husaidia, kwa vile husikia udongo mchache zaidi kwa wakati mmoja.

Uchujaji utumike kwa uchoyo. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na robo ya fedha kuanzia mwaka 1921 hadi 1946, na senti 10 za shaba zenye tundu hulia kwa nguvu, kwa hiyo hupita hata uchujaji ukiwa juu. Lakini shilingi za kuanzia 1948 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambao hupitisha umeme vibaya zaidi, na mashine huziweka karibu na vipete vya kopo la soda. Pete nyembamba za dhahabu huangukia karibu na karatasi ya metali ya pakiti ya sigara. Anayeondoa taka zote kwa nobu ameondoa na hizo pia. Zungusha hadi msumari mdogo unyamaze, usipite hapo. Mahali palipo na vizibo vingi, kama kiwanja cha soko la zamani, ni afadhali kufukua vizibo 20 na kujifunza sauti yao.

Mashine za kimya zinazochuja, yaani zisizo na mvumo wa msingi, huhitaji mwendo. Koili ikisimama, sauti huisha. Ipitishe chini, sambamba na ardhi, bila kuinua mwishoni mwa mkono kama anayefyeka nyasi, na kila mpito uvuke nusu ya ule uliotangulia. Mlio unaojirudia kutoka pande zote mbili ndio wa kufukua.

Kabla ya kufukua, pata ruhusa ya mwenye shamba, na uulize makaburi yako wapi. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 huhesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na ugunduzi wa namna hiyo hupaswa kuripotiwa. Dhahabu ni madini, na Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtaka mchimbaji mdogo awe na kibali. Karibu na Kisii, palipopiganwa mwezi Septemba 1914, kitu kizito chenye umbo la risasi kubwa kiachwe kilipo na polisi waitwe. Mashimo yote yafukiwe, kwa kuwa ng'ombe akivunjika mguu hutapewa ruhusa tena katika kijiji hicho.

Ukirudi nyumbani, futa koili, legeza plagi na utoe betri zote, hata kama unapanga kutoka tena Jumamosi.