Anza na Castiglione, si Mona Lisa
Ukitaka kujifunza rangi za mafuta kwa kunakili mabingwa wa zamani, achana na Mona Lisa. Ule ukungu wake, rangi zinazoyeyukiana bila mstari, utakukatisha tamaa. Chukua picha ya Baldassare Castiglione, mwandishi wa Italia, aliyoichora Raphael mnamo 1514 au 1515, iliyoko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris. Hata mchoraji mashuhuri Rubens aliinakili. Mavazi ni meusi, kijivu na meupe tu, basi huhangaiki na rangi nyingi. Paka kwanza hudhurungi iliyozimuliwa kwa tapentaini: mwanga na kivuli peke yake, kope ziache. Ikikauka, ndipo uweke rangi ya ngozi kwa matabaka membamba. La juu liwe na mafuta zaidi kuliko la chini, la sivyo litapasuka. Pua ikikusumbua, geuza picha zote mbili, yako na ile unayoinakili, kichwa chini, ulinganishe.