Kapu la kupikia: jiko limezimwa, chakula kinaendelea kuiva

Maharagwe yakishatokota, moto mwingi unaoendelea kuwaka chini yake hufanya kazi moja tu: kufidia joto linalotoroka ubavuni mwa sufuria na kwenye mvuke unaopenya mfunikoni. Ziba njia hizo na sufuria itaendelea kuivisha yenyewe kwa saa kadhaa, bila kuni, mkaa wala gesi. Kapu la kupikia, yaani kapu lenye mito ndani linalofunika sufuria iliyotoka motoni, halina joto lake, hulitunza tu lile uliloliingiza. Ndiyo maana karibu kila kapu linaloshindwa hushindwa kwa sababu moja kati ya tatu: sufuria iliingia na joto kidogo, kapu linavuja, au kuna mtu alifunua kuchungulia.

Anza na sufuria kabla ya kapu. Inayofaa ina masikio mafupi mawili na mfuniko unaokaa sawasawa; yenye mkono mrefu haiingii. Mfuniko unaochezacheza hupitisha mvuke, mvuke hulowesha kitu ulichojazia, na kitu kilicholowa hakizuii joto. Baada ya wiki chache kitaota ukungu pia.

Sasa pima sufuria kutoka sikio hadi sikio, wala si mdomo wake peke yake. Ikiwa ni sentimita 30, kapu liwe na upana wa sentimita 50 kwa ndani, yaani 10 za ziada kila upande. Kimo hupatikana vivyo hivyo: kimo cha sufuria pamoja na mfuniko, ongeza 10 za chini na 10 za juu. Boksi la mbao au katoni ngumu hufaa sawa na kapu la kusuka, kwa sababu kinachozuia joto ni ujazo wa ndani.

Cha kujazia ni chochote kikavu kinachoshika hewa katika nafasi ndogondogo: sufi, pamba, manyoya ya kondoo, nyasi kavu, maranda ya seremala, blanketi kuukuu lililokatwa vipande. Kosa la kawaida hapa ni kushindilia. Hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto, na ukishindilia mpaka mto ukawa mgumu umeifukuza. Bonyeza kwa kiganja: mto uingie, na ukiachia urudi. Povu jeupe la vifungashio huzuia joto vizuri sana, lakini hulainika likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, hivyo lisigusane na sufuria. Weka taulo nene katikati.

Shona mito mitatu. Wa chini ni duara la kuketisha sufuria. Wa pili ni mkanda mrefu unaozunguka ukuta wa ndani. Urefu wake ni upana wa kapu mara 3.14, kwa hiyo kapu la sentimita 50 linahitaji mkanda wa karibu sentimita 157. Wa tatu ni kifuniko, na huu uwe mnene kuliko yote, kwa kuwa mvuke hupanda. Tumia kitambaa cha pamba. Vitambaa vya nailoni vinaweza kuyeyuka na kugandia kitako cha sufuria kilichotoka motoni.

Kwenye ule mkanda, pitisha mishono ya kusimama kila baada ya sentimita 15. Bila mishono hiyo sufi huteremka taratibu, na baada ya miezi kadhaa nusu ya juu hubaki kitambaa kitupu, ukaona kapu limezeeka kumbe limeporomoka. Usikaze uzi mpaka pande mbili za kitambaa zikagusana, maana kila mstari uliobanwa ni mwanya wa joto.

Kabla ya kulikabidhi chakula, lijaribu kwa maji. Jaza sufuria robo tatu, chemsha, funga kapuni, fungua baada ya saa 4 na upime kwa kipimajoto cha jikoni. Nyuzi 70 na zaidi, kapu ni zuri. Chini ya 60, rudi kwenye mito, na anza na wa juu.

Unapopika, jaza sufuria angalau theluthi mbili. Chakula kidogo kwenye sufuria kubwa hupoa haraka kwa kuwa hakikubeba joto la kutosha. Punguza maji kwa robo hivi, maana karibu hakuna yatakayokauka. Kisha usikimbilie kapu mara tu povu la kwanza linapopanda: maji yanatokota, lakini ndani ya punje au kipande cha nyama bado kuna ubaridi. Ukihamisha wakati huo, chakula hunyonya joto la maji na sufuria nzima hushuka. Acha itokote ikiwa imefunikwa, na dakika za mwisho usiguse mfuniko kabisa. Futa kitako haraka, hakikisha hakuna kaa lililonasa, ingiza, funga. Kapu likae hatua moja kutoka jikoni.

Wali: vikombe 2 vya mchele kwa 3 vya maji, utokote dakika 5, kapuni dakika 45 mpaka saa 1. Viazi vya kuchemsha hufuata muda huohuo. Nyama ikate vipande vya sentimita 3, itokote dakika 20, kisha saa 3 kapuni. Pande kubwa halifai. Vya kukaanga, kuoka au kukausha mchuzi haviliwezi kapu, na hakuna ujanja wa kulazimisha.

Maharagwe yanastahili uangalifu wake, hasa mekundu. Yana sumu ya asili inayovuruga tumbo, na joto la nyuzi 80 haliiharibu. Inataka mtokoto wa kweli. Loweka saa 8 mpaka 12, mwaga maji hayo, weka mapya yapite juu ya maharagwe kwa sentimita 3, yatokote dakika 30, ndipo uyaingize kapuni kwa saa 3 au 4. Chumvi haina neno, lakini nyanya na ndimu huchelewesha kulainika, kwa hiyo viweke baadaye, maharagwe yakirudi motoni.

Kuhusu usalama, mpaka ni nyuzi 60. Chini ya hapo bakteria waliosalia huanza kuzaana, na kapu lililopoa huwa kitanda chao kizuri. Usiache chakula kulala humo. Maharagwe na nyama virudishe motoni vitokote dakika 10 kabla ya kupakua. Wali uliokaa vuguvugu kwa saa nyingi usijaribu kuuokoa: kuna bakteria ambao mbegu zao hupona kwenye mchemko, na sumu wanayotengeneza baadaye haiondoki kwa kupasha.

Huo uvuguvugu mbaya kwa wali ndio unaohitajika kugandisha mtindi. Chemsha lita 1 ya maziwa, yaache yashuke mpaka nyuzi 43 hadi 45, koroga vijiko 2 vya mtindi usio na sukari, funika na uweke kapuni saa 6 mpaka 8 bila kulitikisa. Yakiwa moto sana kuliko hapo utaua bakteria wa mtindi wanaoyagandisha na utapata maziwa tu.

Kila baada ya matumizi acha kapu wazi mpaka unyevu uishe. Mara moja kwa wiki toa mito uianike juani, uipigepige ifumuke, na ukiona wa juu umelala bapa, fumua mshono mmoja uongeze sufi.