Data yako iko Ziwa Victoria na wewe unasoma ng'ambo? Soma hii kabla hujakata tiketi

Kosa langu la kwanza nililifanya nikiwa bado Uholanzi, nimekaa kwa meza na chai yangu. Nilifungua kalenda nikaona kuna wiki tatu hazina darasa, nikakata tiketi siku hiyo hiyo manake bei ilikua imeshuka. Nafika kwa bichi moja upande wa Siaya, boti zote zimevutwa juu mchangani, usiku hakuna hata karabai moja inawaka majini. Namuuliza mzee fulani vijana wako wapi, hakunijibu, aliinua tu kidole akaonyesha juu. Mwezi. Umejaa kama sinia ya harusi.

Kama hujui, omena, wale dagaa wadogo wa ziwa, wanavuliwa usiku wa giza. Taa zinawekwa juu ya maji, kitambo zilikua karabai za mafuta, siku hizi wengi wana za sola, samaki wanafuata mwanga wanajaa hapo alafu wavu unapandishwa. Sasa mwezi ukiwaka ziwa lote ni taa, yako itaonwa na nani? Kwa hivo siku zile za mwezi mpevu wavuvi wa omena wanapumzika, wengine wanaenda kwao wengine wanashona nyavu. Mimi nilikua nimekuja kuhesabu omena wanaoshushwa asubuhi, na nimelipia chumba tayari.

Kwa hivo kabla ya kufikiria supavaiza anataka nini, chukua kalenda ya mwezi uipange na safari yako. Ukitaka kuona biashara yenyewe, boti zikiingia alfajiri na akina mama wakingoja na mabeseni, nenda mwezi ukiwa mdogo. Ukitaka intavyu ndefu na wanaume nenda ukiwa umejaa, juu hapo ndo wako chini ya mti na nyavu zao na wana muda mpaka wanakutafuta wewe. Hiyo ya pili niliigundua kwa hasara lakini mahojiano yangu mazuri yote yalitoka wiki ile niliyodhani imeharibika. Alafu kuna ile miezi ya kufungwa, kwa sheria ya Kenya omena hawavuliwi kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 ili wazaane, na ajabu ni kwamba likizo ndefu ya vyuo vya Ulaya inaanguka hapo hapo. Usikate tiketi ya Juni ukidhani utakuta omena wanaanikwa kama kawaida.

Sasa karatasi. Wengi wetu tunadhani ukiwa mKenya unarudi tu kwenu na daftari unaanza kuuliza watu maswali. Hapana. Unahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, unaomba kwa mtandao wao, na kabla ya hiyo unahitaji kibali cha maadili kutoka kwa kamati ya hapa Kenya inayotambulika, kile cha chuo chako cha ng'ambo pekee hakitoshi. Chuo cha Maseno wana kamati, hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu wana yao. Kamati itakuuliza maswali, utarekebisha, utarudisha, kwa hivo anza miezi kadhaa kabla, usianze ukiwa ushafika. Ukipata leseni hujamaliza, unapita kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti unawaonyesha, alafu chifu, alafu naibu wa chifu, alafu mzee wa kijiji. Na bichi ina serikali yake, inaitwa BMU (Beach Management Unit), kamati ya kusimamia bichi, iko na mwenyekiti na katibu na kitabu cha wageni. Hata ukiwa na barua ya nani, mwenyekiti wa BMU asipokujua hakuna mtu atakuongelesha zaidi ya salamu. Tengeneza kopi kama kumi za kila kitu, kila ofisi inabaki na moja.

Kuhusu njia sitakaa sana. Mimi ni wa Nakuru, kule Langa Langa, nachukua shato, yaani matatu ya safari ndefu, inapita Kericho mpaka Kisumu, ukifika Ahero vua sweta. Kutoka Kisumu kuna matatu za Bondo na Usenge. Kitu moja tu: Luanda ziko mbili. Kuna Luanda ya Vihiga, ukipita Maseno tu hivi, na kuna Luanda Kotieno huko chini ziwani ambapo feri inavukia kwenda Mbita. Makanga akiita Luanda Luanda anamaanisha ile ya kwanza. Mimi niliingia, nikalala, nikaamshwa sokoni Luanda na mabegi yangu na hakuna ziwa. Sema jina lote, Luanda Kotieno, na saa za feri uliza siku inayotangulia. Ukishavuka, Mbita imeunganishwa na Rusinga kwa daraja, Mfangano ndo lazima boti.

Na ukipanda boti beba ndoo ndogo ya kifuniko. Simu, rekoda, daftari, zote ndani ya ndoo. Begi ya kuzuia maji niliyonunua ng'ambo kwa pesa mingi ilivuja safari ya kwanza, ndoo ya duka la Mbita mpaka leo iko salama. Pasipoti na kadi yako ya ukaazi usizibebe ziwani hata kidogo, acha nyumbani, manake kadi ikizama kurudi chuoni itakua ni hadithi ingine.

Afya nayo. Nakuru ni juu, mita kama 1,850, sisi hatukukua na malaria, na miaka miwili ya baridi ya Uholanzi haijasaidia. Ziwani malaria iko mwaka mzima. Neti, dawa ya kupaka, na ukiskia homa nenda upimwe siku hiyo, usiseme ni uchovu wa safari. Alafu kichocho, hiyo watu wa chuo hawakuambii. Mdudu wake anaishi kwa konokono wa maji na anaingia kwa ngozi, kwa hivo usivue viatu ukaingia kusaidia kuvuta boti ndio upigwe picha nzuri. Bima ya chuo pia ulizia mapema kama inakulipia ukiwa nchini kwenu, zingine zinakuhesabu mgeni kila mahali isipokua nyumbani.

Lugha. Mimi Kijaluo changu ni cha sokoni, oyawore ya kusalimia asubuhi na erokamano ya kushukuru na bei ya samaki wa ngege. Kiswahili watu wanakiskia na kukiongea vizuri lakini mtu akianza kueleza mambo ya deni ama ya bwana yake anarudi kwa lugha yake, na hapo ndo utafiti wako uko. Kwa hivo unahitaji mkalimani. Mwenyekiti atakupatia mpwa wake, kijana mzuri sana, anajua kila mtu. Shukuru, mtumie kwa mambo ya boti na injini. Lakini kwa akina mama tafuta mwanamke, na asiwe wa familia ya mwenyekiti wala mwenye boti, juu kuna maswali ambayo jibu lake linahusu hao hao. Kuna hii biashara ya jaboya, mvuvi kumuuzia mama samaki kwa masharti ya kitandani, kila mtu anaijua na hakuna mtu atakuambia imemfanyia yeye. Usiulize je wewe. Uliza kwa hii bichi mama mgeni akitaka kupata samaki inakuaje, alafu nyamaza. Nyamaza kabisa, usiongeze swali. Mkalimani wangu alinifinya goti mara mbili siku ya kwanza manake nilikua naruka kujaza ule ukimya, na kila nikiujaza mtu anafunga mdomo.

Mlipe mkalimani kwa siku, mkubaliane nauli na chakula cha mchana viko ndani ama nje kabla hamjaanza, si jioni mkiwa mmechoka.

Fomu ya ridhaa ilinisumbua kuliko zote. Chuo kilinipa karatasi ya kurasa tatu, mhojiwa asome aweke sahihi chini. Mama mmoja aliigeuza, akaiangalia nyuma, akaniuliza, "Nyar Nakuru," yaani binti wa Nakuru, "hii ni ya loni ama ni ya kura?" Na ukweli ni kwamba ukiwa umewahi kuweka sahihi kwa karatasi ya mgeni kitu kikachukuliwa kwa nyumba yako, hata wewe ungeuliza. Ombeni kamati ruhusa ya ridhaa ya mdomo mapema, unarekodi mtu akisema amekubali, unaendelea. Nilipopata hiyo ruhusa kazi ilienda mbio.

Ingine ni vipimo. Dodoso langu liliuliza unanunua omena kilo ngapi kwa siku. Hakuna mtu ananunua kilo. Wananunua kwa beseni ikiwa mbichi na wanauza kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, ikiwa kavu, na beseni ya huyu si beseni ya yule, na kuna gorogoro iliyogongwa chini ikaingia ndani kidogo, hiyo ni ya kuuzia, si ya kununulia. Gorogoro ya mahindi sote tunajua ni kilo mbili, sasa mimi msomi nikazidisha kila kitu kwa mbili. Omena kavu ni nyepesi, haifiki hapo kabisa. Nilinunua mizani ndogo ya jikoni Kisumu nikaanza kupima gorogoro za akina mama wenyewe moja moja, wakawa wanacheka lakini wakaanza kubishana kati yao nani ana gorogoro ya wizi, na yale mabishano yakanipa kurasa nne za data ambazo hazikua kwa dodoso.

Saa za kuongea na akina mama: si alfajiri boti zikiingia, hapo hata jina lako hawalikumbuki. Wakishaanika kwenye nyavu kuukuu na kugeuza mara moja, kuelekea saa sita saa saba, kunakua na nafasi. Lakini mawingu yakitokea intavyu imeisha, hata kama mtu yuko katikati ya sentensi. Siku moja tulikua tumefika swali la 14, mama akanusa upepo, akasimama, mbio. Nami nikaweka rekoda kwa ndoo nikakimbia kusaidia, nakusanya kwa mikono miwili najaza gunia najiona nimekua mwenyeji. Kumbe nimechanganya za asubuhi zilizo bado mbichi na zile zimekauka za jana. Gunia lote lingeoza. Hakunigombeza, aliniangalia tu akasema, "Mwanangu, hii sasa ni yako." Nililipa. Mamangu Nakuru alikula omena mwezi mzima na jirani zake pia. Kwa hivo saidia, lakini uliza kwanza nini inaenda wapi.

Watu watakuuliza umewaletea nini, na wana haki, watafiti wamepita hapo kabla yako wengi na mashirika pia, wakajaza fomu wakapotea. Usiahidi mradi, usiahidi boti, usiseme utafikisha kwa serikali. Mimi nilikua napeana sabuni ya mche na sukari baada ya kuongea, kila mtu sawa, na niliandika hivo kwa maombi ya kamati ili isionekane ninanunua majibu.

Risiti sasa. Chuo cha ng'ambo kinataka risiti ya kila kitu na bodaboda hana risiti, boti haina risiti, mama wa chai hana. Lipa kwa M-Pesa kila inapowezekana, mwisho wa mwezi unatoa taarifa ya matumizi yote unawatumia. Pale pesa taslimu lazima, kuwa na kidaftari cha tarehe, safari, kiasi. Afisa wa fedha alilalamika kidogo akakubali.

Na rekoda: upepo wa ziwa unakula sauti. Vuta soksi safi juu ya maikrofoni, kaa nyuma ya banda, na kila jioni hamisha faili kwa laptopu kabla ya kula, manake stima ikipotea usiku na simu iko asilimia tatu utalia. Kuna vibanda vya kuchaji kwa bichi lakini usiache huko simu yenye mahojiano ya watu.

Ukimaliza, NACOSTI wanataka nakala ya ripoti yako, weka hiyo kwa ratiba. Na bichi pia wanataka, hata kama hakuna barua imesema. Mimi nilirudi Desemba, mwezi mpevu, nimeprinti majedwali kwa karatasi kubwa nikayabandika kwa ukuta wa banda la BMU nikayaeleza kwa Kiswahili, mkalimani wangu anageuza. Kwa jedwali la pili yule mama wa gunia akainua mkono akasema bei ya Novemba nimeandika makosa, siku hizo mvua ilinyesha na omena ilipanda, wenzake wakaitikia. Niliangalia daftari usiku, ni kweli nilikua nimeruka mstari. Supavaiza alipata jedwali lililorekebishwa asubuhi yake.